HÉROS, SHUJAA, USHUJAA: NENO HILI LILITOKA WAPI?



Juma lililopita nilisahihisha kopi za kalasi ya tatu. Makosa mawili yalirudi mara nyingi kuliko yote. La kwanza ni la Kifransa: watu kumi na mmoja waliandika « l'héros ». La pili si la Kifransa. Kwa swali la kueleza héros ni nani, karibu wote walijibu: ni mtu mwenye nguvu ambaye haogopi kitu. Mmoja aliongeza chini yake, kama mfano, jina la mwenzenu mmoja. Mnamjua, na mnajua ni juu ya nini. Nitafika huko. Tuanze na kosa dogo, kisha tutaenda kwa lile kubwa.

Katika Kifransa tunaandika « le héros », na tukisema « les héros » hatuungi s na neno linalofuata. Lakini tunaandika « l'héroïne », « l'héroïsme », « l'acte héroïque ». Baba anakataa kuungwa, lakini mke na watoto wote wanakubali! Walimu wa zamani walituambia sababu yake: ukiunga s, watu watasikia « les zéros ». Jaribuni kusema kwa sauti, mtacheka wenyewe. Mwanasarufi Vaugelas aliandika juu ya h ya neno hili tangu mwaka wa 1647, basi si leo tu neno hili linawasumbua wanafunzi. Sijui kama ule mzaha wa sifuri ndio sababu ya kweli, lakini unasaidia kukumbuka. Mtu ambaye ataandika tena « l'héros » nyuma ya kusoma hapa, hana la kujitetea.

Neno lenyewe Wafransa walilitwaa kwa Kilatini, na Walatini walilitwaa kwa Wagriki, ambao walisema « hērōs ». « Héroïsme » ni mtoto wa juzi tu, lilizaliwa katika Kifransa karne ya 17. Angalieni vizuri jambo hili. Watu walisema juu ya héros kwa miaka zaidi ya elfu mbili mbele ya mtu kuona lazima ya kutengeneza neno « héroïsme ». Maana yake Mgriki wa zamani alipotaja hērōs, hakufikiri kwanza tabia nzuri ya moyoni. Alifikiri kitu kingine.

Shina la neno hilo limetafutwa na wengi. Katika kitabu cha Platon kinachoitwa Cratyle, Socrate anachezacheza nalo na kulifunga na neno « erōs », yaani mapenzi, kwa sababu mashujaa wale walizaliwa, kama hadithi zinavyosema, kwa mapenzi ya miungu na wanadamu. Ni mchezo, msiandike vile katika enterogasyo. Kamusi nyingi zilifundisha kwamba neno ni ndugu ya Kilatini « servare », kulinda. Maana ni nzuri sana: héros ni mlinzi. Lakini kuna vibao vya udongo vya Pylos, vya karibu mwaka wa 1200 mbele ya Kristo, ambavyo wataalamu waliweza kuvisoma tangu 1952. Juu yake neno hili wanalisoma bila sauti ya w ambayo shina la « servare » lingeidai. Njo maana wengi leo wanaacha ile maelezo. Ni huzuni kidogo, lakini maelezo kuwa matamu si sababu ya kuwa ya kweli.

Sasa Homère. Katika mashairi yake hērōs ni karibu sawa na sisi kusema « bwana » au « mheshimiwa ». Achille anaitwa hivyo, wafalme wengine vilevile. Lakini Démodocos pia anaitwa hivyo, na yeye ni kipofu anayeimba mbele ya wageni. Hata Moulios, mtumishi anayechanganya divai. Mbona hamna vita hapo? Hésiode naye anahesabu vizazi vitano vya wanadamu: cha dhahabu, cha feza, cha shaba, kisha cha mashujaa, na mwisho cha chuma, ambacho ni chetu. Vizazi vinne vina jina la madini, kimoja hakina. Mashujaa kwake ni watu waliopita, waliokufa mbele ya Thèbes na mbele ya Troie, nusu watu nusu miungu. Hakuna mtu wa leo anayeweza kuwa mmoja wao.

Tena, kwa Wagriki hērōs alikuwa maiti mwenye kaburi. Walimtolea sadaka pale kaburini, kwa sababu waliamini anaweza kusaidia mji wake, na akikasirika anaweza kuutesa. Mifupa yake ilikuwa na nguvu. Karibu mwaka wa 475 mbele ya Kristo, Cimon alileta Athene kutoka kisiwa cha Skyros mifupa ambayo watu walisema ni ya Thésée, na mji mzima ulifurahi kama vile Thésée mwenyewe anarudi. Sisi hapa hatuhitaji maelezo mingi. Muulize babu yako juu ya kaburi la chefu wa zamani, atakueleza mambo ya Wagriki bila kuwa amesoma Kigriki.

Kutoka hapo ndipo inakuja hadithi ambayo nilitaka muisikie, hata kama ingebaki hii peke yake. Inapatikana katika kitabu cha Pausanias, msafiri Mgriki wa karne ya pili.

Kulikuwa mpiganaji wa ngumi, jina lake Cléomède, wa kisiwa cha Astypalée. Alienda kwa michezo ya Olympie, ile ya mwaka wa 492 mbele ya Kristo, na katika kupigana alimuua mwenzake. Waamuzi walisema alifanya kwa ubaya, wakamnyima taji. Uchungu ukamharibu akili. Alirudi kwao, akaingia katika shule moja ambamo mlikuwa watoto karibu sitini, akashika nguzo iliyobeba dari, akaiangusha. Dari ikawaangukia wale watoto. Watu wa mji wakamfukuza kwa mawe. Yeye akakimbilia hekalu ya Athéna, akaingia ndani ya sanduku kubwa, akajifungia. Walijaribu kulifungua, wakashindwa. Mwisho wakavunja mbao, wakakuta sanduku tupu: Cléomède hayuko, si mzima, si mfu. Wakatuma wajumbe Delphes kuuliza imekuwa namna gani. Wakajibiwa kwamba Cléomède ndiye wa mwisho wa mashujaa, na wamtolee sadaka, kwa kuwa si mwanadamu tena. Wakafanya hivyo.

Someni tena pole pole. Mtu aliyeangusha shule juu ya watoto sitini, mji wa wazazi wao ulimwita héros. Si kwamba walimpenda. Walimwogopa. Neno lilikuwa la mtu mwenye nguvu kupita kiasi, nguvu ya kutengeneza au ya kuharibu, na halikuuliza kama ni mwema.

Wengi wenu mmekwisha kufikiri juu ya Samsoni na nguzo za nyumba ya Wafilisti, Waamuzi sura ya 16. Vizuri. Fananisheni wenyewe, mtaona kinachofanana na kisichofanana.

Sasa nifike kwa jambo letu. Siku ya posho ile, nyuma ya mechi ya mupira tuliyopoteza, mwanafunzi wetu mmoja alitupa jiwe likampata mtoto wa shule ingine kichwani. Damu ilitoka mingi. Na wenzake walifanya nini? Walimbeba juu ya mabega mpaka kwa lango, wakiimba: « Shujaa! Shujaa yetu! » Mimi nilikuwa pale na nilisikia. Siku ya kwanza jina lake likaingia katika kopi kama mfano wa héros. Prefe amekwisha kukata neno lake juu ya adhabu, sina la kuongeza. Mimi ni mwalimu wa lugha. Kazi yangu ni neno. Na ninasema: kwa maana ya watu wa Astypalée, mlikuwa na haki. Jibu lenu lilikuwa sahihi kwa mwaka wa 492 mbele ya Kristo.

Kiswahili chetu kinasema namna gani? « Shujaa » ni neno la Kiarabu, shujāʿ, mtu mwenye moyo imara. « Jasiri » vilevile ni la Kiarabu, linatoka kwa shina la kuthubutu. Na kutoka shina lile lile Waarabu wana jisr, daraja. Wazo ni kuvuka, kwenda ngambo ya pili. Napenda sana neno hilo. Katika Lingala wanasema « elombe », katika Tshiluba « cilobo », Wanyarwanda na Warundi « intwari ». Na katika barabara yetu hatusemi shujaa mara nyingi, tunasema: « Yule njo mwanaume! » Wagriki walifanya hivyohivyo: neno lao la moyo wa uhodari, « andreia », linatoka kwa « anēr », mwanaume.

Dada mmoja wa kalasi ya tano aliinua mkono hapa: « Prof, sasa sisi wasichana tutakuwa nini? » Swali lake lilinituma kwa Biblia.

Katika Kiebrania mtu wa nguvu, mtu wa vita, anaitwa « gibbor ». Malaika anapomwita Gideoni shujaa, Waamuzi sura ya 6, maneno ya Kiebrania ni « gibbor hayil ». « Hayil » ni nguvu, uwezo, ushujaa. Neno hilo la hayil linarudi kwa wanawake: Ruthu anaitwa hivyo na Boazi (Ruthu 3), na mke anayesifiwa katika Mezali sura ya 31 anaitwa hivyo vilevile. Watafsiri wetu waliweka « mwema », na si vibaya, lakini neno likapoteza misuli yake. Yule mama anayeamka usiku ungali, anayenunua shamba, anayefungua mkono kwa maskini, ana sifa ileile ya Gideoni. Na Gideoni alikuwa anafanya nini malaika alipomwita shujaa? Alikuwa anapiga ngano yake kwa kujificha ndani ya shinikizo, akiogopa Wamidiani! Basi jibu lenu la « haogopi kitu » haliwezi kusimama. Msisahau pia Shifra na Pua, wazalishaji wawili wa Kutoka sura ya 1. Farao aliwaamuru kuua watoto wanaume wakati wa kuzaliwa, wao hawakufanya. Hakuna aliyewaimbia. Lakini tunajua majina yao mpaka leo, na jina la Farao yule Biblia haikuliandika.

Kuna orodha ya mashujaa wa Daudi katika 2 Samweli sura ya 23. Watatu kati yao walipita katikati ya jeshi la Wafilisti kumtekea mfalme maji ya kisima cha Betelehemu, na Daudi alikataa kuyanywa, kwa kuwa aliona ni kama damu yao. Hiyo mnaijua toka shule ya siku ya Mungu. Lakini nendeni mpaka mwisho wa orodha. Jina la mwisho kabisa ni Uria Mhiti. Ni yule yule ambaye Daudi aliamuru awekwe mbele ya vita akafe, juu ya mke wake. Mwandishi hakulifuta. Aliliacha pale, mwisho, ambapo msomaji hawezi kulikosa.

Katika Agano Jipya la Kigriki neno « hērōs » halipatikani hata mara moja. Waandishi walilijua bila shaka, lilikuwa neno la kila mji, na makaburi ya mashujaa yalikuwa mbele ya macho yao. Hawakulitumia. Hata Waebrania sura ya 11, ambayo tunazoea kuiita sura ya mashujaa wa imani, haina. Neno walilolitwaa kwa mtu anayesimama imara mpaka kufa ni « martus », shahidi, yaani mtu aliyeona jambo na anakataa kusema kwamba hakuliona. Kwa neno hilo Wafransa wana « martyr ».

Tuje kwetu Congo. Tuna « héros nationaux » wawili ambao serikali imewawekea siku zao: tarehe 16 Januari kwa Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka wa 2001, na tarehe 17 Januari kwa Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka wa 1961 katika Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. (Majina ya wale wawili mnayasahau kila mara katika istoria.) Aliyemtangaza Lumumba kuwa héros national, mwaka wa 1966, ni Mobutu. Na askari waliomkamata Lumumba mwanzo wa Desemba 1960 walikuwa askari wa Mobutu. Mkumbuke Uria hapo. Kumwita maiti shujaa hakugharimu kitu. Wakati mwingine ni njia ya kumfunga mdomo mara ya pili. Sisemi kwamba Lumumba hakustahili. Ninasema muangalie kila mara ni nani anayetoa jina hilo, na analitoa lini.

Simon Kimbangu ni mfano wa namna ingine. Alikuwa mubatisti, mtoto wa misioni kama sisi. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi yake Nkamba, watu wakamfuata wengi sana, serikali ya Wabeleji ikaogopa. Mwezi wa Septemba, yeye mwenyewe alijitoa mikononi mwao. Walimhukumu kufa, kisha mfalme Albert akabadilisha, ikawa kifungo cha maisha. Alikaa miaka thelathini gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na alikufa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuna silaha, hakuna vita. Makanisa yetu hayakubali yote ambayo Wakimbangu wanaamini juu yake, nami sitaingia katika mabishano hayo. Lakini miaka thelathini! Ninyi mnalia mukizuiliwa siku ya posho moja. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi yote, nyuma ya miaka zaidi ya sabini ya kufa kwake.

Tena kuna kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi katika Office Congolais de Contrôle, kuangalia vyakula vinavyopita mpakani. Walimletea mchele uliooza na feza ili afumbe macho. Alikataa, na mchele haukuingia sokoni. Mwezi wa Julai 2007 walimteka na kumuua. Alikuwa na miaka 26. Kanisa Katolika lilimtangaza mwenye heri katika Roma tarehe 15 Juni 2025. Najua wengine watauliza kwa nini ninatwaa Mkatoliki katika gazeti la shule ya Kiprotestanti. Kwa sababu ni yeye aliyekataa ule mchele. Ungeliwa na Waprotestanti pia.

Na kwa wale wanaofikiri kwamba mtoto wa shule hawezi, Burundi ni karibu. Katika seminari ndogo ya Buta, tarehe 30 Aprili 1997, watu wa silaha waliingia kulala kwa wanafunzi asubuhi mapema, wakaamuru Wahutu waende upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa kugawanyika. Waliuawa arobaini. Wengi wao walikuwa wa umri wa kalasi zenu za juu. Naamini kila mmoja alitetemeka.

Mmoja wenu aliniandikia karatasi: « Prof, kama wanakufa vile bila kumpiga adui hata mmoja, si wamekufa bure? » Nimeisoma mara nyingi karatasi hiyo. Hakuitia jina lake, na sikumtafuta. Ni swali la kweli, na siwezi kulijibu kwa mstari mmoja katika gazeti. Nitamwambia hili tu: wale watu wa silaha walikuja kutafuta vikundi viwili, na hawakuvipata.

Neno moja tena juu ya lugha, mbele ya kumaliza. « Héroïne » ni mwanamke shujaa, lakini pia ni jina la dawa ya kulevya. Si neno lingine, ni hilo hilo. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliuza dawa hiyo kwa jina la Heroin tangu 1898, kama dawa ya kikohozi. Jina lilikuja, wanasema, kwa kuwa mtu akiinywa alijisikia shujaa. Kujisikia tu.

Na juu ya siku ya posho ile. Wakati ninyi mlikuwa mnaimba kwa lango, mtoto mmoja wetu wa kalasi ya kwanza, mdogo kabisa, alibaki katika kiwanja. Alivua shati lake, akalifunga kwa kichwa cha yule aliyeumia, akamshika mkono mpaka dispensere, na wengine wa shule yetu walimzomea njiani. Infirmier ndiye aliyenieleza. Yule mtoto aliniomba nisiandike jina lake, na mama yake analalamikia shati.

Mazoezi kwa kalasi ya tatu na ya ine:
Andikeni sentensi tano za Kifransa zenye « héros », « héroïne », « héroïsme », « héroïque » na « héroïquement ».
Fananisheni Cléomède na Samsoni, ukurasa mmoja, si zaidi.
Ulizeni wazazi au babu neno la shujaa katika lugha ya kwenu, na mtu gani wa kijiji anaitwa hivyo, na ni nani aliyempa jina hilo.

Kopi zinapokelewa siku ya tano, mbele ya ibada ya asubuhi. « L'héros » itaondoa pointi mbili.